Poul Henningsen na Adabu ya Mwanga

Katika sanaa zote alizobuni mwanadamu, sanaa ya kuangaza usiku imepata wahakiki wachache mno. Shairi lina wapimaji wake, na nyumba ina wakaguzi wake. Lakini taa huwashwa, hutumika na huzimwa, wala hapana aulizaye kama ilifanya kazi yake kwa adabu au kwa ufidhuli. Mdenmaki mmoja, Poul Henningsen, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki dunia mwaka 1967, aliuliza swali hilo kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Alikuwa msanifu wa majengo, mtungaji wa nyimbo za jukwaani, mhariri, mwandishi wa insha kali na mtengenezaji wa filamu. Walakini jina lake limedumu zaidi katika herufi mbili, PH, ambazo watu wa nchi yake huzitumia kumtaja yeye mwenyewe na taa zake pia.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza taa za Copenhagen zina uhusiano gani na fasihi, na zina haja gani kwa mtu wa Ngara au Biharamulo. Wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, zilizo magharibi ya Ziwa Victoria kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi, zimo katika kipindi cha kubadilisha mwanga wake. Kwa vizazi vingi usiku wa huko uliangazwa na moto wa mafigani. Kisha ikaja koroboi, kisha chemli, na kwa wenye nafasi karabai. Miji ya wilaya ilipopata umeme, iliupata kwa mitambo ya dizeli yenye kiasi. Mwaka 2023 mtambo wa maporomoko ya Rusumo katika Mto Kagera ulianza kuzalisha umeme. Uwezo wake ni megawati 80, na umeme huo hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu sawa; fungu la Tanzania husafiri kwa njia kuu kutoka Rusumo, iliyo Ngara, mpaka Nyakanazi, iliyo Biharamulo. Nchi inapobadilisha mwanga wake, hubadilisha pia namna watu wanavyoketi, wanavyotazamana na wanavyosimuliana. Hapo ndipo taa inapoingia katika mambo ya fasihi, na hapo ndipo kazi ya Henningsen inapostahili kupimwa.

Henningsen alizaliwa katika nyumba ya maneno. Mama yake, Agnes Henningsen, alikuwa mwandishi wa riwaya na kumbukumbu, mwanamke aliyeandika juu ya mapenzi kwa uwazi uliowakera wengi wa zama zake. Baba yake, Carl Ewald, alikuwa mwandishi pia, hodari wa dhihaka. Wazazi hawa hawakuwa mume na mke, na mtoto alikua akijua kwamba heshima ya watu na ukweli wa mambo si kitu kimoja. Alisoma ufundi na usanifu katika vyuo vya Copenhagen, lakini hakupata kuhitimu kuwa msanifu. Pengine hilo lilimfaa, maana aliingia katika kazi yake bila ya deni la utii kwa mwalimu yeyote.

Utoto wake ulikuwa katika zama za taa za mafuta. Mwanga wa taa hizo ulikuwa dhaifu, lakini ulikuwa mwororo na wenye rangi ya joto, na watu waliukaribia. Umeme ulipoingia majumbani, watu wengi walishangilia wingi wa mwanga, wasihesabu walichopoteza. Globu ya umeme ina uzi mdogo uwakao kwa ukali. Mtu akiutazama, macho yake hupata kiwi, na baada ya hapo huona vibaya ingawa chumba kimejaa mwanga. Watu wa Ulaya walitafuta dawa ya namna mbili. Wengine waliiacha globu ikining'inia uchi, kwa kiburi cha upya. Wengine waliivika hariri, shada na nakshi mpaka ikawa pambo lisiloangaza kitu. Henningsen alizikataa njia zote mbili. Hakutaka kurudi kwenye utambi na masizi, wala hakukubali kwamba kitu kikiwa kipya basi kimekwisha kuwa chema.

Tangu mwaka 1924 alifanya kazi na kampuni ya Louis Poulsen ya Copenhagen, na mwaka 1925 taa yake ilipata medali ya dhahabu katika maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris. Mwaka uliofuata aina mpya ya taa hiyo iliangaza ukumbi wa Forum mjini Copenhagen. Umbo lake lastahili kuelezwa, maana ndani yake mna fikira nzima ya mtu huyu. Taa ina chengeu tatu, yaani vifuniko vitatu, kimoja juu ya kingine. Cha kati ni kama nusu ya kile cha juu kwa upana, na cha chini ni kama nusu ya kile cha kati. Mpindo wa kila kifuniko umekatwa katika mstari unaojizungusha kama gamba la konokono, ukipanuka kwa kipimo kile kile kila uzungukapo, na globu imewekwa mahali pale ambapo mstari huo unaanzia. Kwa hiyo kila mwale wa mwanga huupiga uso wa kifuniko kwa pembe iliyo moja, kisha hushuka na kutandaa. Mtu aliyeketi karibu haioni globu yenyewe kutoka upande wowote. Aonacho ni meza, kitabu, mkono wa mwenziwe na uso wa msemaji.

Huo ndio muhtasari wa fundisho lake: taa njema haijionyeshi, huonyesha vitu. Kiasi cha mwanga si kipimo cha wema wake. Kivuli si adui wa mwanga, bali ni mwenzi wake, maana bila kivuli uso wa mtu hauna umbo wala kitambaa hakina ufumwele. Rangi ya mwanga nayo ina maana. Mwanga wa baridi huifanya ngozi ya mtu mzima wa afya ionekane kama ya mgonjwa. Mambo haya yakisemwa leo huonekana mepesi, lakini wepesi huo ulitokana na hesabu ndefu.

Mtu atakayezisoma insha zake baada ya kuzitazama taa zake ataona kwamba mkono ni ule ule. Kati ya mwaka 1926 na 1928 alihariri jarida lililoitwa Kritisk Revy. Humo aliwashutumu mafundi na wasanii wenziwe ambao walitengeneza vyombo vya fahari, kimoja kimoja, kwa ajili ya matajiri wachache, ilhali mfanyakazi hakuweza kununua bilauri iliyo nzuri kwa bei ya kawaida. Aliwacheka walioiga mitindo ya kale, na aliwacheka vile vile wale walioufanya usasa kuwa mtindo mwingine wa kujivunia. Mwaka 1933 alitoa kitabu kilichohoji kama wale waliotetea haki za maskini walikuwa na fikira yoyote juu ya utamaduni, au kama waliridhika kumpa maskini chakula na kumwachia tajiri uzuri. Mwaka 1935 alitengeneza filamu juu ya Denmaki kwa agizo la wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo. Ilionyesha watu wakifanya kazi badala ya kuimba sifa za taifa, na ikapokewa kwa lawama nyingi. Miaka ilipopita ndipo ilipohesabiwa miongoni mwa kazi bora za aina yake.

Vita vilipokuja, fikira yake ya mwanga ilipata mtihani ambao hakuutarajia. Ujerumani iliivamia Denmaki mwezi wa Aprili 1940. Katika mwaka huo huo Henningsen alitunga wimbo wa jukwaani ambao kwa masikio ya mkaguzi ulikuwa wimbo wa mapenzi tu, wa mtu asiyekubali kufungwa na mwenzi wake. Wasikilizaji waliuelewa vingine; walijua anayefungwa ni nani na anayefunga ni nani. Wakati uo huo usiku wa miji ulikuwa giza kwa amri, ili ndege za vita zisipate alama. Henningsen, aliyekuwa msanifu wa bustani ya starehe ya Tivoli, alibuni mwaka 1941 taa iliyomwangazia mpita njia ardhini lakini isionekane kutoka angani, na bustani ikaweza kubaki wazi usiku. Mwaka 1943, hatari ilipozidi, alikimbilia Uswidi kwa mashua ya makasia pamoja na msanifu mwenziwe, Arne Jacobsen.

Wimbo ule na taa ile ni kazi za mkono mmoja. Katika vyote viwili chanzo kimefichwa, na mwanga umefika kwa waliokusudiwa. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatakuta ugeni mkubwa hapa. Mafumbo ni mali ya kale ya ushairi wa pwani; Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alisema mambo ya siasa na vita kwa maneno ambayo mwenyeji aliyafumbua na mgeni akayapita. Hata hivyo tofauti moja isisahauliwe. Fumbo huficha ili asiyestahili asijue, na wakati mwingine huficha mno hata mstahiki akakosa. Chengeu huficha moto ili mtazamaji aone zaidi. Taa ya Tivoli na wimbo wa mwaka 1940 vilifanya kazi zote mbili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi uwezo wa Henningsen, kuliko taa zile ambazo leo zina sifa kubwa.

Taa hizo zenye sifa ni mbili, nazo zote ni za mwaka 1958. Ya kwanza ni PH 5, yenye upana wa sentimeta 50. Watengenezaji wa globu walikuwa wakibadilisha maumbo ya globu zao kila mara, wakiivuruga hesabu ya mpindo wake. Basi alitengeneza taa ambayo ingefaa kwa globu ya namna yoyote. Ndani yake alitia vipande vidogo vyekundu na vya samawati, ili kuulainisha mwanga na kuusogeza karibu na haja ya jicho. Ya pili ni ile ambayo Wadenmaki huiita Kogle, yaani tunda la msonobari, iliyobuniwa kwa mkahawa wa Langelinie mjini Copenhagen. Ina majani 72 ya chuma, yaliyopangwa safu 12 za majani sita sita, na kila jani huyafunika mapengo ya yale ya juu yake. Ni kazi ya ajabu kwa ustadi. Lakini ni vigumu kukana kwamba mtu aingiaye chumbani huitazama taa kwanza na kitabu baadaye. Mwalimu aliyefundisha kwamba taa isijionyeshe alimaliza maisha yake kwa taa isiyoweza kusahauliwa na macho.

Hapa uhakiki hauna budi kusema wazi. Henningsen alidai uzuri uwe wa wote. Taa zake halisi leo ni mali ya wachache. Kogle moja huuzwa kwa maelfu ya dola, na huning'inizwa katika majumba ambayo wenyewe hawakosi mwanga wala sifa. Yaweza kusemwa kwamba kosa si lake, bali ni la biashara iliyogeuza fikira kuwa nembo. Utetezi huo una nusu ya haki. Nusu nyingine ni kwamba kioo cha tabaka tatu, shaba iliyopindwa kwa kipimo, na kiwanda chenye zana maalumu havikuwa tangu mwanzo vitu vya bei ya mnyonge. Tena taa yake ilidhania mambo mengi ambayo aliyaona kuwa ya dunia nzima: kwamba pana dari, kwamba pana meza na viti, kwamba familia hula pamoja mezani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fikira yake ni kubwa kuliko chombo chake, na asomaye chombo bila ya fikira hupata pambo tu.

Kipimo cha fikira ni kama yaweza kusafiri bila ya chombo chake, na Ngara na Biharamulo ni mahali pazuri pa kuipimia. Copenhagen iko mbali kaskazini. Katika mwezi wa Disemba mchana wake ni kama saa saba, na katika mwezi wa Juni ni zaidi ya saa 17. Jioni zake za kiangazi ni ndefu, na Henningsen alipenda taa ifuate machweo hayo polepole. Ngara na Biharamulo ziko chini kidogo ya Ikweta. Jua huzama kama saa moja jioni mwaka mzima, na nusu saa baadaye giza limekwisha kutanda. Kwa hiyo hakuna majira ya kuisahau taa. Mtu wa Denmaki huihitaji sana nusu ya mwaka. Mtu wa Biharamulo huihitaji kila siku ya Mungu, na nusu ya umri wake ni usiku.

Taa aliyokuwa nayo kwa muda mrefu ni koroboi. Fundi bati huchukua kopo tupu, akatoboa kifuniko, akatia mrija na utambi wa pamba, na kazi imekwisha. Ni ubunifu wa kusifiwa, kwa kuwa hautupi kitu na wala haumtegemei mtu wa mbali. Lakini sifa isigeuke upofu. Moto wake uko wazi, hutia kiwi kwa aliye karibu na haumfikii aliye mbali. Moshi wake huumiza macho na kifua, na mtoto anayesoma kwayo huinamia karatasi mpaka nywele zikaribie kuungua. Chemli iliukinga moto na upepo, na karabai iliongeza nguvu, lakini hapana mojawapo iliyotatua jambo la ukali. Ashangiliaye umeme katika vijiji hivi ana sababu ya kushangilia, na anayelilia uzuri wa koroboi huku amekaa chini ya globu yake ni mnafiki.

Walakini koroboi na moto wa mafiga vilikuwa na jambo moja ambalo globu haikulirithi: viliwakusanya watu. Mwanga ulikuwa mdogo, kwa hiyo watu walikuja penye mwanga, na duara likajifanya lenyewe. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hadithi ni kazi ya usiku, na msimulizi wa hadithi hasimulii kwa mdomo peke yake. Kope zake, mashavu yake na mikono yake ni sehemu ya maneno. Moto wa chini ulimulika uso huo kutoka mbele na chini, na nyuma ya wasikilizaji palikuwa na giza ambamo fisi na zimwi wa hadithi waliweza kukaa. Globu iliyofungwa katikati ya dari hufanya kinyume. Humulika kuta zote kwa usawa, huutia uso wa msimulizi vivuli chini ya macho, huwatia kiwi wanaomtazama, na haimpi mtu yeyote sababu ya kusogea karibu na mwingine. Kila mmoja huweza kukaa pembe yake. Msomi anayeandika kwamba fasihi simulizi inakufa kwa ajili ya redio na simu, angefaa pia kuitazama dari.

Hapa fikira ya Henningsen inakuwa na manufaa ambayo taa yake ya dukani haina. Alining'iniza taa chini, karibu na meza, ili mwanga uwe kama nyumba ndogo ndani ya nyumba, na watu wawe wageni wake. Kanuni hiyo haihitaji meza. Yatosha mkeka, au vigoda, na waya uliorefushwa ili globu ishuke kutoka darini. Kanuni ya kuficha chanzo haihitaji kioo cha tabaka tatu. Globu za siku hizi hazitoi joto kali kama zile za zamani. Kwa hiyo fundi bati wa Ngara aliyekata koroboi kutoka kopo aweza kukata chengeu kutoka bati lile lile, akaipaka rangi nyeupe ndani ili mwanga uruke na kushuka, akaipima kina chake ili aliyeketi asiione globu. Akiweza kuchagua, atachagua globu yenye mwanga wa manjano, usioibadilisha ngozi ya mtu kuwa ya maiti. Chengeu hiyo haitakuwa nakala ya PH wala haitakuwa na nembo. Lakini Henningsen wa Kritisk Revy, yule aliyewataka mafundi watengeneze vyombo vya watu wa kawaida, angeitambua upesi kuliko angemtambua tajiri aliyenunua Kogle.

Yako majibu ya kupinga. Yaweza kusemwa kwamba nyumba iliyopata umeme kwa mara ya kwanza haina haja ya mafunzo ya uzuri. Kwanza ipate mwanga, uzuri utafuata. Hoja hii ni ya zamani, na ndiyo hasa aliyoishambulia Henningsen katika kitabu chake cha mwaka 1933. Inadhania kwamba maskini ana macho ya aina nyingine, yasiyopata kiwi. Tena inadhania kwamba uzuri ni nyongeza ya gharama, hali katika jambo la mwanga mara nyingi uzuri ni suala la mahali pa kuiweka taa na namna ya kuifunika. Mwanafunzi wa sekondari ya Biharamulo anayesoma chini ya globu iliyo uchi hapungukiwi na umeme, bali na kipande cha bati. Mwanga ukiwa mbaya, huchoka mapema, hulala mapema, na kitabu chake hubaki wazi. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu yoyote ya megawati.

Kwa ujumla, Henningsen anastahili kusomwa katika Kiswahili, naye asomwe kama mwandishi wa hoja kabla ya kusifiwa kama mtengenezaji wa vyombo vya thamani. Taa zake za mwisho zilizidiwa na umaarufu wake, na ukali wa kalamu yake ulimfanya mara nyingine awahukumu watu kabla ya kuwasikiliza. Lakini alishika jambo moja kwa uaminifu tangu Paris ya 1925 mpaka mwisho: kwamba chombo kipya kisipokelewe kwa shukrani tupu, bali kiulizwe kinawafanyia nini watu waliokaa karibu nacho. Nguzo za umeme zinazoelekea vijiji vya Ngara na Biharamulo zinaleta swali hilo pamoja na waya. Wahandisi wamekwisha jibu sehemu yao. Sehemu iliyobaki ni ya mafundi bati, walimu, wasimulizi na wenye nyumba, nayo yaweza kuanza usiku wa leo, kwa kuishusha globu moja na kuifunika.